Planeri Iliyotua Kwenye Mpunga wa Kajaga

Mwanangu, kabla hujanicheka, jua kwamba mtaa wetu mzima wa Buyenzi uliamini pamoja nami: ndege ya Babu Seif haikuwa na injini kwa sababu ilibebwa na jini, na jini huyo aliogopa mvua. Mimi, fundi wa magari mwenye cheti cha shule ya jioni chenye muhuri mkubwa kama sahani, niliamini kuliko wote. Si mimi ndiye niliyekuwa naivuta hiyo planeri, ndege ya kuelea na upepo, kwa pikapu na kamba ndefu hadi ipae? Kamba ikishaachia, juu hukusikia kitu, kimya tu. Ningesema nini?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaelekea mwisho. Babu Seif, Mwarabu wa hapahapa mjini, muuza vipuri, alikuwa amepata ruhusa ya kuruka tena baada ya ndege yake kula vumbi miaka mingi. Nakumbuka alasiri ile nilimvuta, akapanda na hewa ya joto la mchana, akazunguka hadi karibu na milima. Mara mawingu yakaifunika milima yote. Huko hakuna pa kutua: miteremko, migomba, na risasi zilikuwa bado zinasikika. Mvua nayo ikaingia kati yake na uwanja wa ndege.

Nikawasha taa zote za pikapu, nikapiga honi mpaka nadhani Wakongo ng'ambo ya ziwa waliitika. "Babu, rudi! Rudi huku!" Yeye akageuza pua kuelekea Kajaga, kule kando ya ziwa. Basi, nikajua jini amekimbia, mzee anakwenda kumwagwa ziwani.

Nikamfuata mbio. Kajaga kulikuwa na kiwanja cha mpira, kikavu, kizuri, ila kimejaa watoto. Babu akakipita kwa juu, akashukia shamba la mpunga uliokwisha kuvunwa. Gurudumu likagonga tuta, ndege ikazunguka upande, bawa likavunjika. Nilifika nikilia inna lillahi kwa sauti. Babu ameketi kwenye tuta, anatoa tope kwenye ndevu.

"We mutoto, unalia nini? Nani amekufa?"

"Babu, jini amekukimbia!"

"Jini gani?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Apana jini. Hii kitu, kamba ikishaachia, inashuka tu. Upepo unainyanyua kidogo, kisha inashuka tena. Kazi yangu ni kuchagua pa kushukia ningali juu. We ulitaka nipite ndani ya mvua ile sababu uwanja una lami?"

"Na bawa?"

"Bawa ni mbao. Tutaliunga."

Tukaliunga kweli. Gereji ilinuka gundi hadi mbuzi wa jirani wakahama.

Mwanangu, njia ya kurudi nyumbani ikifungwa, usishindane nayo. Chagua shamba la karibu ungali juu, hata kama lina tope na watu watakucheka. Na ukianguka, usiwaangukie watoto wa watu. Mungu akushushe salama popote utakaposhukia, na akupe mtu wa kukuvuta tena kesho yake.