Uthibitisho wa Jambo Lisilo Kweli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau, ingawa haikuwa siku ya maana kwa mtu mwingine yeyote. Ilikuwa Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Mimi na rafiki yangu Nafula tulisimama mbele ya meza ya mhadhiri wetu wa hesabu, na juu ya meza zilikuwepo karatasi zetu mbili za mtihani, zimelazwa bega kwa bega. Kwenye swali moja zilifanana neno kwa neno, hata mahali pa koma.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulipokuja hapa kwangu Tassia kunijulia hali, uliniambia umeanza ile kalkulasi ya juu, ile ambayo haikutaki utafute jibu tena, inakudai uthibitishe kila kitu tangu mwanzo. Nikakuuliza unaionaje. "Kukhu," ukasema, kama wajukuu wangu wote mnavyoniita, "hiyo ni kukariri tu." Ukaendelea na chai yako. Sikukujibu. Mimi si mwepesi wa kujibu. Wote niliowahi kuwafundisha watakuambia.

Nilikuwa hodari wa kukariri. Nililelewa Mbotela, baba akiwa karani wa reli, na kanisani kwetu watoto tulishindanishwa kusema sura nzima za Biblia bila kufungua kitabu. Nilishinda mara nyingi, na sifa zikanilevya. Nilipofika chuo kikuu sikuona haja ya kubadilisha mbinu. Nilikusanya mitihani ya zamani, nikaona nadharia zile zile zinarudi kila mwaka, nikashika uthibitisho wa kila moja kama nilivyoshika zaburi. Sikuelewa hata nusu yake. Wala sikujua kwamba sielewi, maana alama zilikuwa nzuri.

Nafula alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na tulisoma darasa moja. Yeye alikuwa mzito wa kukariri. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana tulikaa kibarazani kwetu nikamkaririsha: mimi nasema mstari, yeye anarudia. Nilijiona nina huruma sana. Jumamosi moja tulifikia nadharia ya kilele, inayosema kwamba grafu isiyokatika, ikichorwa kutoka ncha moja hadi nyingine, ncha zote mbili zikiwemo, lazima iwe na mahali pake pa juu kabisa. Nafula akaacha kuandika.

"Hebu ngoja. Na hizo ncha zikitolewa, inakuwaje?"

"Hiyo haiulizwi."

"Najua haiulizwi. Ni mimi nauliza."

"Nafula, shika tu vile iko. Ukianza maswali tutamaliza saa ngapi?"

Akashika. Nilimshindilia mstari kwa mstari mpaka akaweza kuusema uthibitisho mzima huku anachambua mchele.

Kwenye mtihani nadharia hiyo ikaja, ila mhadhiri alikuwa ameziondoa ncha. Swali lilisema: thibitisha, au onyesha kwamba si kweli. Mimi niliona maneno niliyoyazoea, nikafurahi, nikajaza ukurasa bila kusoma swali mara ya pili. Nafula, safu nne nyuma yangu, akajaza ukurasa ule ule. Tulithibitisha, kwa mwandiko safi, jambo lisilo kweli.

Mhadhiri wetu alikuwa mzee wa sauti ya chini. Hakuanza na hesabu. Alitaka kujua nani ameiba kazi ya mwenzake, na kwa kosa hilo mtu alifukuzwa chuoni. Sote wawili tulijua. Alama zangu zilikuwa za juu mwaka mzima, za Nafula za chini, kwa hiyo macho yake yakamwendea yeye.

"Ni wewe ulikopi?"

Nafula aliniangalia mara moja tu. Hapo, mwanangu, nilipaswa kusema papo hapo, nami nikachelewa. Nilikuwa nafikiria jina langu na wale waliokuwa wakinipigia makofi kanisani. Ulikuwa muda mfupi, pumzi tatu labda, lakini nauonea haya mpaka leo.

"Hakuniibia, Daktari," nikasema mwishowe. "Mimi ndiye nilimkaririsha. Hata mimi sielewi nilichoandika."

Akazigeuza karatasi kifudifudi, akamwambia Nafula aseme uthibitisho kwa kichwa. Alipofika katikati akamkatiza, akaniambia niendelee. Tulipokezana hivyo hadi mwisho kama watoto wa shule ya Jumapili. Mtu mwingine angecheka. Yeye hakucheka.

"Hamkuibiana," akasema. "Lakini hakuna hesabu mliyofanya hapa."

Akachora grafu ya moja gawanya kwa eksi, kati ya sifuri na moja, ncha zote zimeachwa nje. Akasema tumwonyeshe kilele. Tulitazama. Mstari ulipanda kadiri ulivyokaribia sifuri, ukazidi kupanda, wala haukuwa na mahali pa kukomea.

"Hii ndiyo nilikuwa nauliza," Nafula akasema polepole.

"Ulimuuliza nani?"

Nafula hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe. "Mimi, Daktari. Nikamwambia haiulizwi."

Mzee alinigeukia. "Huyu alikuwa amelishika swali langu kabla sijalitunga," akasema. "Wewe ukalitoa kichwani mwake."

Sote tulipewa sifuri kwa swali hilo. Mimi nilipita kwa alama za maswali mengine. Nafula hakuwa na akiba ya alama, akaanguka somo zima, ikabidi arudie mtihani la sivyo aondolewe darasani. Nilimfuata ukumbini nikamwambia nitamsaidia. Hakupandisha sauti. "Swali ndilo lilikuwa langu," akaniambia. "Hayo mengine yote yalikuwa yako."

Alisoma peke yake, kibarazani kwao, akapita vizuri. Baada ya hapo tulibaki watu wa kusalimiana. Alinisalimia kwa adabu sana, miaka yote. Niliumia, na sikuwa na wa kumlaumu.

Basi sikiliza, mwanangu. Kukariri si dhambi. Hata mimi zile sura bado ninazo. Lakini ukishashika nadharia, iondolee sharti moja uone itabomoka wapi. Usipopaona, hujaielewa, hata uiandike kwa mwandiko wa dhahabu. Na mwenzako akikuuliza jambo usilolijua, usimwambie haiulizwi. Mwambie hujui, kisha kaeni nalo pamoja, hata kama mtihani ni kesho.

Mungu akufungulie akili, akuketishe karibu na mtu mwenye maswali, na akupe moyo wa kumsikiliza. Na akuepushe, mwanangu, na rafiki anayekusalimia kwa adabu tu.