Kwenye Orodha Ipo

Babati ukiuliza kitu dukani, hutaambiwa hakuna. Uliza koki ya bomba, uliza utambi wa jiko, muuza duka atakwambia, "Ipo, mama, kaa kidogo," kisha anatokea mlango wa nyuma kwenda kuitafuta kwa jirani. Kusema "haipo" ni kumfukuza mteja, na kumfukuza mtu ni kukosa adabu. Nimeishi na tabia hii miaka yote na sina ugomvi nayo, mradi ibaki sokoni. Siku ilipoingia kwenye chumba changu cha seva, nilitamani kupiga mtu.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika hospitali ndogo ya binafsi pale mjini. Nikisema mtu wa kompyuta, maana yake kila chenye waya kilikuwa changu, mpaka feni na birika la chai. Seva ilikaa katika iliyokuwa stoo ya mafagio. Ilitumia mfumo wa Linux, iliwekwa na mtu aliyenitangulia, na tangu aondoke haikuwahi kuhuishwa hata siku moja, kwa sababu mganga mfawidhi wetu aliamini kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Nilishachoka kubishana naye.

Asubuhi hiyo alikuja mama mmoja wa Maisaka, muuza samaki, na binti yake mgongoni, mtoto mkubwa wa kutosha kuona aibu kubebwa. Mguu wa binti ulivunjika mwaka uliotangulia ukaunga vibaya. Arusha alikuwa amefika daktari bingwa, mmoja wa wale wanaokuja kwa nadra, na mchana uleule alikuwa anachagua atakaowapasua. Alitaka zile picha za eksirei za mwanzo, aone mfupa ulivyovunjika. Bila picha, mtoto asubiri ujio mwingine, ambao hakuna aliyejua ni lini. Filamu aliyopewa yule mama ilikuwa imegandana kwa mvua iliyovuja kwenye bati. Picha zilizobaki zilikuwa kwenye seva yangu tu, na ili zitumwe kwa barua pepe na zifunguke ilihitajika programu ndogo ya kuzigeuza. Hatukuwa nayo.

Mganga mfawidhi akasimama mlangoni. "Ipo au haipo?"

"Ngoja niulize mashine, daktari."

Nikaandika amri. Mashine ikajibu: iliyowekwa: hakuna; inayoweza kuwekwa: ipo, na namba ya toleo lake pembeni. Sasa mtu wa Linux anajua hilo ni nusu ya jibu. Mashine haijaenda kuangalia ghalani, kule mtandaoni programu zinakohifadhiwa. Inasoma orodha ya bidhaa iliyoachiwa mara ya mwisho mtu alipoihuisha, na ya kwetu ilikuwa imelala miaka.

"Kwenye orodha ipo," nikasema, "ila sijajua kama ghalani ipo. Nipe muda."

Alishasikia alichotaka, akaenda zake. Dada wa mapokezi naye, aliyekuwa anachungulia nyuma ya bega lake, akachukua neno moja kati ya yote niliyosema akakimbia nalo. Nikamsikia huko mbele: "Mama, ipo! Wahi basi tu, picha zitakukuta hukohuko."

Nikaiambia mashine iilete. Ikaenda ghalani, ikarudi mikono mitupu. Nikahuisha orodha, ghala lenyewe halikujibu. Toleo letu la mfumo lilikuwa limezeeka na wenye nalo walishafunga duka. Nikatoka mbio kumzuia yule mama. Benchi tupu, bajaji ilishawachukua kuwapeleka stendi.

"Umemruhusu kwa nini?" nikamuuliza dada wa mapokezi.

"Si umesema ipo?"

"Nimesema kwenye orodha!"

"Sasa orodha inaandikaje kitu ambacho hakipo?"

Jamani! Niligeuka nikarudi stoo kwangu kabla mdomo haujaniponza.

Kumbe shetani hakuwa amemaliza. Nilikuwa naanza kutafuta njia nyingine, seva ikazimika puu. Ilikuwa saa ya chai, na mtu alikuwa amechomoa waya wangu ili achomeke birika. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikachomoa birika, nikawasha seva, na wakati inaamka taratibu simu ya mapokezi ikaita, nikaiwahi mimi. Alikuwa yule mama. Walikuwa wameshapita Magugu.

"Dada, zimeshafika?"

Nyuma yake nilisikia muziki wa basi. Dada wa mapokezi akawa ananipungia mikono, midomo inasema bila sauti: mwambie zipo, usimkatishe tamaa.

"Hazijaenda, mama," nikasema. "Programu haipo. Naitafuta, lakini kwa sasa haipo."

Akafoka. "Mmenipandisha basi la nini basi? Nyie watu mna moyo gani?" Nikamwambia pole, nikajisikia vibaya kwa udogo wa neno lenyewe. Akapumua. "Kwa hiyo hazipo. Haya, nimeelewa." Akakata.

"Ona sasa, umemvunja moyo," akasema dada wa mapokezi.

Nikarudi kwenye seva na hasira zangu. Matoleo yaliyostaafu hayatupwi, yanahamishiwa ghala la zamani; ilibidi niisake anwani yake, niipe mashine, nihuishe orodha upya. Mtandao wa ofisi ukakata katikati, nikaunga bando la simu yangu. Programu ikashuka kwa kujivuta, mchana ukiingia, na mimi nimesimama mlangoni kulinda waya dhidi ya wanywa chai. Hatimaye ikakaa. Nikageuza picha, nikazituma, nikakaa chini sakafuni pale pale.

Miezi ilipita kabla yule mama hajarudi. Alikuja na samaki kwenye mfuko na binti yake amesimama kwa magongo, mguu umenyooka. Binti akaniamkia shikamoo.

"Ulivyoniambia hazipo," mama akasema, "nilifika nikamwomba nesi aniweke wa mwisho. Kila tukiitwa, namwachia mwingine. Ningeingia kwa zamu yangu daktari angekuta picha hazipo, angetufukuza. Daktari alishaanza kufunga begi lake ndipo nesi akasema zimeingia."

Nikaupokea mfuko wa samaki kwa mikono miwili. Dada wa mapokezi alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kaunta yake, na uso ulikuwa unamng'aa.

"Si niliwaambia ipo?"