Mwavuli wa Jumanne

Venansi wa Butihinda alikuwa mkulima wa muhogo na maharage, mtu wa maneno machache, na tangu alipovuka mpaka kurudi kwao hakuwahi kufunga safari kwa ajili ya sinema. Safari hii alifunga. Alitoka Muyinga siku ya Alhamisi na koti lake la kanisani mgongoni, kwa sababu kule Gitega ilikuwa inaonyeshwa filamu yenye mkewe ndani, na mkewe Jeska alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Nyumbani picha yake ilibaki moja tu, ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, na pale Jeska amekaza uso kama mtu anayesubiri sindano. Jeska anayetembea, Jeska anayesema, hakuwapo tena popote duniani ila ndani ya filamu hiyo.

Aliyeipiga ni mtu mmoja anaitwa Kasiano. Alikaa Butihinda siku nane na kamera yake, akifuata maisha ya waliorudi kutoka Tanzania. Siku zote nane Venansi alikuwa shambani au sokoni; aliona hayo ni mambo ya wanawake na wageni wao. Haikupita miezi mingi, malaria ikamchukua Jeska. Kisha juzijuzi hapa simu ikalia. "Mzee, njoo Gitega Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi uko karibu na soko. Filamu inaitwa..." Simu ikakatika. Venansi akairudisha mfukoni. Jina la nini? Filamu ya Jeska si filamu ya Jeska?

Tusimlaumu. Alikulia kambini, upande wa Tanzania, na kule kambini sinema hazikuwa na majina. Shuka lilitundikwa, jenereta ikawashwa, maandishi ya kigeni yakapita, na hata aliyeweza kuyasoma alisoma bure: inaitwa mlango wa kumi na tatu, ukiangalia mpaka mwisho huoni mlango hata mmoja. Kwa hiyo watu waliita sinema kwa stelingi wake, yule mkubwa ambaye habari yote ni yake. Leo ni ya kipara. Kesho ni ya yule dada wa mapanga. Na kila mtoto wa kambi aliijua sheria: stelingi hafi.

Gitega alifikia kwa Bagalwa, Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyekuwa jirani yake kambini, siku hizi muuza vitenge.

"Papa Venansi!" Bagalwa akamshika mabega. "Hii koti! Unaenda kuoa?"

"Naenda kumwona mke wangu."

Bagalwa alikuwa bado na mzaha mdomoni, akaumeza. "Bon," akasema taratibu. "Basi vua hiyo koti, mama wa hapa akupigie pasi."

Ijumaa Venansi akaenda kuutafuta ukumbi mapema, asije akapotea siku yenyewe. Mvua ikamkuta pale pale, akajibanza ukutani. Juu ya kichwa chake palikuwa na karatasi kubwa imebandikwa, imechorwa mwavuli mweusi peke yake, hakuna sura ya mtu. Akaisoma herufi kwa herufi: Mwavuli wa Jumanne. "Wauza miavuli wa mji huu wana maneno," akajisemea, na mvua ilipokatika akaondoka.

Jumamosi mlangoni alikaa msichana anaitwa Gracieuse, anaelekeza watu.

"Binti, filamu ya Jeska iko chumba gani?"

"Jeska hakuna, muzee. Leo iko filamu mbili, zote zinaanza saa nane. Kilima Kinasikia, chumba ya kwanza. Mwavuli wa Jumanne, chumba ya pili."

"Stelingi wake ni mwanamke. Wa Butihinda."

"Mi bado sijaziona hata moja. Chagua tu, muzee, halafu uzime simu."

Venansi akasimama katikati ya milango miwili, watu wakimpita huku na huku. Akafikiri kwa akili yake yote. Nyumba yao iko kilimani. Jeska alilima kilimani, amezikwa kilimani. Mwavuli una nini? Akazima simu, akaingia chumba cha kwanza, akakaa mbele.

Ikaanza. Mzee anatafuta ng'ombe aliyepotea. Anatafuta bondeni, anatafuta mtoni, anamwita. Venansi akangoja. Akamnong'oneza jirani yake, "Mwenzangu, mwanamke anaingia saa ngapi?"

"Mwanamke gani?"

"Stelingi."

"Stelingi ni huyo ng'ombe, mzee. Tulia."

Akatulia. Stelingi wengine huchelewa kuingia, hilo analijua. Nyuma ya ukuta, chumba cha pili, watu wakapasuka kwa kicheko. Baadaye kidogo ikaja sauti ya mwanamke anaimba, imefifia kama mtu aliye ndani ya mtungi. Venansi akageuza kichwa. Halafu akakirudisha haraka kwenye ng'ombe, Jeska asije akapita yeye anaangalia ukuta.

Ng'ombe akapatikana. Taa zikawashwa.

Nje, watu wa chumba cha pili walikuwa wanatoka wakijifuta macho. Gracieuse akaja mbio, mkononi ana kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: VENANSI.

"Muzee, ni we? Bwana Kasiano alikuwekea kiti ya mbele. Alipiga simu, alipiga, haipatikani. Akaacha kiti wazi mpaka mwisho."

"Yuko wapi?"

"Gari ilishatoka. Ndege yake ni ya leo, Bujumbura."

"Na filamu?"

"Amebeba. Inaenda kuzunguka inchi za mbali. Pengine mwaka ujao itarudi."

Venansi akawasha simu. Akapiga. Ya Kasiano nayo sasa haikupatikana. Akakaa chini kwenye ngazi za ukumbi na koti lake lililopigwa pasi, na Gracieuse, kwa kukosa la kufanya, akakaa naye.

"Mi nilisimama nyuma, niliona yote," akasema. "Kila Jumanne unaendaga soko la Muyinga na baiskeli, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Jioni mama anachukua mwavuli, jua au mvua, anaenda kusimama pale kwenye mikaratusi, kwenye kona. Akiona baiskeli yako ng'ambo inaanza kushuka, anarudi mbio kwa njia ya mkato, unamkuta jikoni kama mutu hajatoka."

Miaka yote ile Venansi alimkuta jikoni.

"Bwana Kasiano akamuuliza, mbona usimngoje pale pale? Mama akasema, 'Akijua namngoja atakimbiza, na ile baiskeli haina breki.' Watu wakacheka! Na yeye akacheka, akafunika mdomo."

"Kwa mkono upi?"

"Sikuangalia, muzee. Unisamehe."

Magari yalikuwa haba kwa kukosa mafuta, akapata la kumrudisha Jumanne. Muyinga akaichukua baiskeli yake alikoiacha, akaelekea kwao. Alipofika juu ya mteremko akashuka, akaikokota kwa mkono, polepole, kama mtu aliyeagizwa. Siku zote pale macho yake yalikuwa kwenye gurudumu la mbele. Leo yalipata nafasi ya kutazama ng'ambo. Na ng'ambo, chini ya mikaratusi, palikuwa na mwavuli mweusi wenye kiraka cha bluu.

Kiraka kile alikijua. Hakukimbia. Alivuka bonde, akapanda, na mwavuli haukuondoka.

Alikuwa Efrazia, mdogo wake Jeska, ametoka shambani. Venansi mwenyewe ndiye aliyempa mwavuli huo siku ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu vilipogawanywa. Hakujua anagawa nini.

"Shemeji, karibu! Umemwona dada?"

"Nilifika," akasema Venansi. "Nilikosea mlango."

Efrazia akamtazama asielewe. "Na mwavuli unauangaliaje hivyo? Unauhitaji?"

Kilichotolewa siku ya matanga hakiombwi tena. Venansi akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Hapana, shemeji. Jua kali. Jifunike."