Mtihani wa Kiu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake mtu aliyefungwa mikanda kitini, akizungushwa na mashine mpaka mashavu yakavutika nyuma. "Ayeyo," akaniambia, maana ndivyo tunavyowaita mabibi huku kwetu, "hivi ndivyo wanavyopimwa kabla ya kwenda angani." Nikamwambia vipimo hivyo tulivifanya hapa Garissa kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba kuna mtu alinishinda. Akacheka. Mimi sikucheka, maana hata leo nikimkumbuka huyo mtu kifua kinawaka.

Basi sikiliza, rafiki yangu. Mwaka ule watu walikuwa wanajiandaa kutua mwezini kwa mara ya kwanza, na shuleni kwetu tulikuwa na mwalimu kutoka pwani ambaye hakuwa na habari nyingine. Hesabu zake zilikuwa za roketi, imla yake roketi. Alitueleza jinsi madaktari wanavyowapima marubani wa anga: wanawazungusha, wanawafungia kwenye chumba cha joto, wanasikiliza mioyo yao. Akaahidi kwamba siku ya kurushwa roketi, mmoja wetu ataketi nyumbani kwake kando ya redio. Mmoja tu, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na mkewe hakutaka vurugu. Atakayefaulu vipimo ndiye atakayekwenda.

Niliitaka nafasi ile kuliko nguo ya Idi. Nilikuwa wa kwanza darasani, binti wa mwenye duka. Nani wa kunishinda?

Akaja binti wa mjomba wangu kutoka Modogashe. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yao, wakahamia kwetu. Akalala kwenye mkeka wangu, akaingia darasani kwangu, na bibi akawa anammiminia yeye maziwa kwanza kwa kuwa ni mgeni. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi niliugua.

Kipimo cha kwanza tulifunga kamba mbili kwenye tawi la mgunga, tukaweka ubao wa kukalia. Mwalimu alizisokota kamba mpaka zikakaza, halafu akaziachia. Mimi nilishuka nikatapika anjera na chai yote ya asubuhi mbele ya darasa zima. Binti wa mjomba alishuka akatembea wima juu ya mstari uliochorwa mchangani. Alikuwa amekulia mgongoni mwa ngamia, kwake kuyumba si kitu. Kipimo cha pili tulikimbia, kisha mwalimu akatushika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa yake. Yangu yalikuwa bado yanakwenda mbio wakati yake yameshatulia. Mwalimu akamwita "rubani" na darasa likapiga makofi. Wallahi, niliona wivu mpaka nikachukia hata harufu ya moshi kwenye nywele zake.

Mwalimu, nadhani kwa kunihurumia, akasema kipimo cha tatu ndicho kitakachoamua. Tukaketi sisi wawili ndani ya stoo ya mabati saa saba mchana, kila mmoja na kikombe cha maji mbele yake. Atakayekunywa ameshindwa. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua na ulimi wangu umenata mdomoni, lakini nilikuwa nimeapa afadhali nife. Kisha macho yakaingia giza, nikaanguka ubavu. Nikahisi mkono nyuma ya shingo yangu na maji midomoni. "Kunywa, abayo," aliniambia, yaani dada. Nikanywa mpaka tone la mwisho. Bibi alizoea kusema mwenye kiu haulizwi ni nani. Mimi niliyasikia tu maneno hayo, mwenzangu alikuwa ameyaishi.

Mwalimu alipofungua mlango, kikombe changu kilikuwa kimejaa. Chake kilikuwa kitupu. Hakuuliza kitu, akanipa mkono wa hongera. Nikanyamaza. Binti wa mjomba naye akanyamaza.

Alasiri ya siku ya kurushwa niliisikia roketi ikinguruma redioni, mwalimu machozi yakimtoka, mkewe akinipa kaimati za moto. Binti wa mjomba alikuwa mtoni na punda, akiteka maji.

Stoo ile ilibomolewa zamani, mgunga ukaishia kuwa kuni, na mwalimu alirudi kwao tukasikia amefariki. Wa kuyakumbuka mambo yale tumebaki wawili. Kwa hiyo juzi, mjukuu alipoondoka, nilimpigia simu binti wa mjomba huko Modogashe, alikorudi kuishi. Nikamwambia yote, nikaomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kamba za mgungani anazikumbuka. Anamkumbuka mwalimu pia. "Lakini kikombe, hapana," akasema. "Abayo, nimewapa maji watu wengi. Nitamkumbuka vipi kila mmoja?"

Akaanza kuniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Nikamjibu vizuri tu, lakini wivu ulinishika upya, mkali kuliko ule wa utotoni. Mimi kila nilichowahi kumpa mtu nakikumbuka.