Mtani Juu ya Paa Langu

Sikumpenda fundi yule tangu mwanzo, na naandika haya nikiwa bado simpendi. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nimepata hekima yoyote katika jambo hili.

Nyumba yangu iko Mikumi, upande wa barabara iendayo Kilosa. Haina bati. Nilipokaribia kustaafu ualimu niliamua kwamba nyumba yangu ya kwanza na ya mwisho itakuwa na zege juu, zege tambarare lililotandikwa marumaru, ili jioni nipande ngazi na kiti changu, nitazame milima bila kumsalimia mtu. Kwa miaka thelathini na mitatu watoto walisimama darasani kunisalimu kila asubuhi. Nilikuwa nimechoka. Majirani waliniuliza kwa nini nisiezeke kama watu, nikawajibu kwamba mimi si watu. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Chini ya lile zege, katika chumba cha mwisho, alilala mama. Nilimtoa milimani, upande wa Berega, mguu wake ulipoanza kukataa vilima, na nilimtoa kwa kugombana na kaka yangu wa Kimamba, aliyetaka mama akae kwake. Nilishinda. Kaka alisema, "Haya, mchukue. Lakini siku nikisikia mama anateseka kwako, naja kumchukua, na hutanizuia." Tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyeachiwa kwa dhamana.

Mama aliipenda nyumba kwa kiasi. Lalamiko lake lilikuwa moja. "Nyumba gani hii, mvua inanyesha mtu hajui?" Milimani alizoea bati likipiga kelele juu ya kichwa chake.

Masika ya pili yalipoanza, alijua. Maji yalianza kudondoka juu ya kitanda chake tone moja moja, yana rangi ya chai ya maziwa. Nikasogeza kitanda, maji nayo yakasogea. Nikaweka beseni. Mama akawa amelala chali anasikiliza beseni, akaniambia, "Sasa naisikia."

Hapo ndipo anapoingia fundi, yule yule aliyenitandikia marumaru. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Kwa asiyejua: mtani hukutukana mbele za watu, huingia kwako akaondoka na kuku bila kuomba, hukuita mchawi barabarani, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejiaibisha wewe. Hata shikamoo humpi, ingawa huyu alinizidi miaka kumi. Na siku ya msiba wenu ndiye anayekuja kuwachekesha wanaolia, anayejilaza ndani ya kaburi na kusema hatoki mpaka apewe chake, ndipo marehemu azikwe.

Mama ndiye aliyemchagua. "Fundi mgeni atatuibia kwa siri," alisema. "Mtani atatuibia waziwazi." Nikakubali, na hilo ndilo kosa langu. Hupaswi kumpa kazi mtu ambaye huruhusiwi kumkasirikia. Mwanamke mzima, mwalimu, sikuliona hilo.

Alikuja kutoka Mvumi anakoishi, akaanza kwa mama. "We bibi kizee, hujafa tu? Jeneza nimeshakupimia, miguu inabaki nje." Mama alicheka mpaka akakohoa. Sikumbuki kama mimi niliwahi kumchekesha mama namna ile, na hilo pia lilinichoma.

Juu, aliyagonga marumaru kwa sarafu moja baada ya jingine, akasema maji yanapita kwenye mistari inayoyatenganisha. Akaikwangua mistari yote akaijaza simenti nyeupe. Nilimwambia kwamba alinifanyia kazi ya hovyo mara ya kwanza na sitaki ya pili. Nilimaanisha kila neno. Akaenda ukingoni, akapaza sauti kuelekea barabarani: "Jamani, mnamwona huyu? Alizaliwa na chaki mdomoni! Mama yake alinyonyesha ubao!" Bodaboda walisimama kucheka. Nilibaki nimeshika kiuno, hasira yangu imegeuzwa kuwa tamasha.

Mvua ya wiki iliyofuata ilipita mle mle.

Safari ya pili alileta lami. Aliipaka kwenye mistari yote, paa langu likafanana na kipande cha barabara kuu, na jua lilipowaka lami ikalainika, kandambili zangu zikaganda. Nilimwita mwongo. Akaniita mke wake mdogo. Nilimwita mvivu. Akasema uvivu aliambukizwa na babu yangu, aliyelala shambani mpaka ngedere wakamfunika majani. Mama alikuwa uani anatikisika kwa kicheko. Kila nilichomrushia yule mzee alikidaka na kukila.

Siku ya tatu baada ya lami, mama akiwa mlangoni anapukuchua maharage, plasta ya darini ikaanguka juu ya mto wake wa kulalia. Kipande cha ukubwa wa sinia. Angekuwa amelala, sijui ningeandika nini leo. Mama mwenyewe ndiye aliyempigia kaka simu na kumsimulia, tena kwa furaha, kama habari ya harusi. Jioni kaka akanitumia ujumbe wa sauti. "Mvua kubwa bado hazijaanza. Zikianza na chumba kinavuja, naja na gari. Mwandalie nguo zake." Niliusikiliza mara nne. Kwenye mara ya nne nilimsikia akimeza mate, na nikamchukia kwa kuwa na uchungu wa kweli.

Nikamleta fundi mwingine kutoka Kilosa mjini, mtu mkimya ambaye si mtani wa mtu yeyote ninayemjua. Alitembea juu ya paa, akachagua marumaru moja katikati, akaling'oa. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nane. Chini yake mchanga ulikuwa umelowa chepechepe. Aliushika kiganjani akaukamua, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko chake.

"Shikamoo mama, njoo uone," aliniambia, kwa kuwa alikuwa amesahau kunisalimia. Nikaenda kuona. Alinieleza polepole. Zege halikupewa mwinamo, maji hayajui pa kwenda. Bomba la kuyatoa limewekwa usawa wa marumaru, kwa hiyo yanayopenya chini hayafiki kwenye bomba kamwe. Na juu ya zege hakuna dawa ya kuzuia maji, hakuna chochote, mchanga na simenti tu. "Waliokuzibia mistari wamekufungia maji ndani. Yanakaa humo mwaka mzima yanatafuta tundu. Yote ing'olewe."

Yote. Nilikaa kwenye ngazi. Marumaru yale nilikuwa nimeyachagua moja moja.

Alianza kesho yake kwa tindo na nyundo. Siku ya pili, nusu ya paa ikiwa wazi, nikasikia kicheko cha mama uani na nyayo kwenye ngazi. Mama alikuwa amemwita mtani wake. Mzee alijitokeza, akautazama mchanga uliolowa, akayatazama marumaru yake yamepangwa pembeni, na nilimwona, naapa nilimwona, kwa kitambo kifupi sana uso wake umejua. Kisha akaufunika.

"Mke wangu, umeolewa tena?" alisema, akimwonyesha mwenzake wa Kilosa kwa kidevu. Akakaa juu ya rundo la marumaru. "Kelele zote hizi za nini? Tone la maji juu ya bibi kizee ni ubatizo. Ule wa misheni haukumshika."

Chini mama alicheka.

"Leo sikutanii," nikasema.

"Hata mimi sikutanii. Nipe kuku wangu niondoke."

Nilichukua kipande cha marumaru nikakipasua miguuni pake. Fundi wa Kilosa akaacha kugonga. "Nimesema sikutanii! Wewe ni fundi mbovu na ulijua. Hujui zege, hujui maji, ukajificha nyuma ya utani kwa sababu hakuna wa kukuuliza. Plasta imeanguka anapolaza kichwa mama yangu. Kaka yangu anakuja kumchukua kwa sababu yako. Shuka kwenye nyumba yangu. Usirudi. Na kwenye msiba wetu usikanyage."

Sikuwa nimepanga kusema hilo la mwisho. Lilitoka pamoja na mengine.

Nilingoja ajibu, nilikuwa na mengine tayari. Alisimama, akajipangusa vumbi la simenti kwenye suruali, akashuka. Uani aliinama kwa mama, akamwambia kitu kwa lugha yetu ya nyumbani ambacho sikukisikia, akatoka getini. Hakuchukua kuku. Hakuchukua hata yai.

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Niliteremka nikapika, nikala sahani mbili.

Kazi ilikwenda kama inavyotakiwa. Fundi wa Kilosa aliweka mwinamo wa simenti kuelekea bombani, akalishusha bomba lenyewe, akapaka dawa tabaka moja, akaacha likauke, akapaka la pili kwa kupishanisha na la kwanza. Kabla ya kurudisha marumaru aliziba bomba kwa matambara, akajaza maji juu ya paa lote mpaka kina cha vidole vinne, akayaacha siku mbili. Siku hizo mbili mama alilala chali anaangalia dari, nami nikaangalia pamoja naye. Hakuna kilichoonekana. Mama hakuwa amesema neno nami, zaidi ya kuomba maji na kushukuru kwa maji, tangu mtani aondoke.

Mvua kubwa zilipoanza, nilihamia chumbani kwake na kiti. Ilinyesha mchana kutwa. Beseni lilikaa pale sakafuni, kavu, lina vumbi. Nililipiga picha beseni, nikamtumia kaka. Ndipo mama akafungua mdomo.

"Paa limepona," alisema. "Mimi nitazikwa na nani?"

Nikamwambia ana watoto wawili na kanisa zima.

"Hao watalia tu. Nani atajilaza kaburini mwangu? Nani atasema nilikuwa mchoyo, watu wacheke? Umemfukuza msibani mwangu, mwanangu. Siyo mwako, mwangu. Ulinilipia paa kwa maziko yangu." Alinigeukia. "Kaka yako hajamfukuza mtu. Kimamba watani watakuja. Nenda Mvumi. Akikutukana, nitakaa. Asipokutukana, nipelekwe Kimamba."

Nilitaka kumwambia kwamba mzee yule alikaribia kumponda kichwa. Nilimwambia. Alisema anajua.

Nikapanda basi mpaka Kilosa, kisha bodaboda mpaka Mvumi, jogoo kapuni magotini. Njia nzima nilikuwa natunga matusi. Nilitaka nianze mimi, tena vibaya, ili ashindwe kujizuia.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake akirekebisha mlango. "We mchawi," nikasema nikiwa bado sijashuka vizuri, "hawajakufunga tu?"

Aliweka randa chini. Akapangusa mikono. "Karibu, mwalimu. Pole na safari."

Mkewe alitoa kiti, akakipangusa kwa khanga. Akaleta maji ya kunywa katika glasi, juu ya sinia. Nilimwambia mtani kwamba nimemletea jogoo maarufu kwa uvivu kama yeye. Alimpokea kwa mikono miwili. "Tunashukuru sana, mwalimu. Umejisumbua." Nikamwambia mlango anaoutengeneza utawaangukia watoto wake. "Tutauangalia vizuri," alisema. "Asante kwa kutukumbusha." Alikuwa mpole kabisa, hana hata chembe ya kejeli ambayo ningeweza kuishika. Nilifanya kazi mbovu kwake jinsi alivyofanya kwangu, nikiziba huku na kule, na hakuna kilichoshika.

"Mzee," nikasema mwishowe, "nisamehe."

"Hamna neno, mwalimu. Ulikuwa na haki yako. Kazi ilikuwa mbaya."

Hayo ndiyo maneno niliyoyataka tangu masika yalipoanza. Aliyatamka kwa sauti ya kawaida, mbele ya mkewe, na sikuwa na pa kuyaweka.

Nikasimama kuaga. Sijui kwa nini, labda kwa kushindwa, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu," alijibu. Akanibebea kapu mpaka barabarani, akanisimamishia bodaboda, akamwonya dereva aendeshe taratibu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale.

Nilirudi Mikumi mvua inanyesha. Mama alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa kichwani.

"Amekutukana?"

"Amenitukana sana," nikasema.

"Amesemaje?"

"Amesema mimi ni mchawi."

"Sema kama alivyosema yeye."

Nilivuta kiti. Nilitafuta kitu, babu yangu na ngedere, chaki, ubao, chochote. Mimi niliyeongea darasani miaka thelathini na mitatu sikupata tusi hata moja ambalo mama angelitambua kuwa ni la mtani wake. Alingoja kwa muda mrefu, macho yake kwenye dari safi, nyeupe, niliyoipaka rangi mwenyewe. Mvua ilikuwa inapiga juu yetu na chumbani hakukusikika kitu.

"Nipe simu," akasema. "Nimpigie kaka yako."

Nikamletea.