Thorvald na Mistari Iliyonyooka

Jumapili za mwezi wa sita, ibada ikiisha, watu wa kwetu hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanapanda magari wakiwa na suti na kofia zao za kanisani, wanatembea mwendo wa bata barabara nzima, wanakagua mashamba ya wenzao. Ukiwauliza watakwambia wanapunga upepo. Kaa siti ya nyuma usikie: huyu magugu yamemshinda, yule mahindi yake yana homa ya manjano, na wa tatu mistari yake imepinda utadhani alipanda huku anapiga chafya.

Walipofika chini ya kilima cha Thorvald Esbeck walikuwa wananyamaza. Mistari ya Thorvald ilishuka kutoka kileleni hadi kwenye ua wa shemeji yake Hulda bila kuyumba hata upana wa kidole, kama uzi wa fundi mwashi. Mwenyewe alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, akijifanya anasoma gazeti. Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne binti yake Karna alimpitia pale, akalichukua gazeti mikononi mwake, akaligeuza, maana lilikuwa juu chini.

Siri yake haikuwa kubwa. Alifunga aproni nyeupe ya marehemu mkewe kwenye nguzo ya upande wa pili, akaikazia macho, akaendesha bila kugeuza shingo. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja nyuki walimwingia ndani ya shati katikati ya shamba, na hakuachia usukani mpaka alipofika kwenye nguzo. Hapo ndipo alipovua shati. Nyuki walikuwa watatu, na mstari ulikuwa sawasawa.

Kilima chenyewe alikipata mwaka wa kumi na tisa, walipogawana urithi na kaka yake Aksel. Baba yao, aliyetoka Denmaki na sanduku moja, alikuwa amechimba shimo la nguzo ya kwanza pale kileleni na kukuta udongo mweusi wa kina cha dhiraa nzima, kuanzia ncha ya kidole hadi kiwiko. Aksel alichagua bondeni, kwa kuwa alikuwa mvivu wa kupanda milima na hakuona haya kusema hivyo. Thorvald alichagua kilima, kwa kuwa kila apitaye barabarani angekiona. Ndugu hao wawili wakajenga ua wa nyaya nne katikati, kila mtu akashika lake. Aksel amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na bondeni amebaki mjane wake Hulda, hana mtoto, ana kabichi. Kabichi za Hulda ni kubwa kiasi cha kutia aibu. Kila mwaka anarudi na utepe wa ushindi kutoka maonyesho ya wilaya, na kila mwaka anasema ni kwa ajili ya sala na mavi ya bata.

Sasa Karna. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajaolewa wala hana haraka, na tangu mama yake afariki yeye na baba ndio walioshika shamba. Alikuwa amehudhuria mikutano ya mabwana shamba, akarudi na neno moja: kilima kilimwe kwa kukizunguka, mistari ikate mteremko, maji yasipate njia ya kushukia. Thorvald alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilimgharimu, kisha akamuuliza kama anataka shamba la babu yake lionekane kama nyayo za mlevi anayetafuta mlango.

"Udongo unaondoka, baba," Karna akasema.

"Uende wapi? Udongo huu hauna mwisho."

Na hapo, tumtendee haki, hakuwa anasema uongo mtupu. Vilima vyetu ni vumbi. Upepo uliuleta udongo huu kutoka bonde la mto Missouri kabla hajazaliwa mtu wa kuufagia, ukaulundika mpaka ikawa milima. Ni laini kama unga uliochekechwa. Unachimba kisima siku nne hukuti jiwe hata la kumtupia kuku. Barabara ikikatwa kilimani, ukingo unabaki wima kama ukuta, miaka na miaka, wala haudondoki. Thorvald alikuwa ameutazama ukingo ule maisha yake yote, na akili yake ikaamua kwamba kitu kirefu namna hiyo hakiishi. Asichotaka kukiona ni kwamba ukingo ni wa manjano. Manjano ndiyo isiyo na mwisho. Chakula kimo kwenye weusi wa juu.

Mwaka wa hamsini na saba, wakati wa mavuno, Karna alimwambia mezani, kwa upole, akimpakia siagi mkate wake. Mama mkubwa Hulda amemwomba akalime bondeni, na kile kipande kitakuwa chake. Hajajibu. Lakini hawezi kukaa hapa juu kutazama kilima kikiyeyuka. Mwaka ujao baba akilima tena kwa kushuka, yeye atahama.

Thorvald alikula ule mkate bila kuona ladha yake. Mtoto alikuwa mmoja tu. Akiondoka Karna, kilima hakina mtu.

Wiki hiyohiyo ndipo alipofika mpima udongo wa serikali, jina lake Lyle Haverkamp, kijana mrefu mwembamba, mwenye kekee ya mkono ya kutobolea ardhi, ndefu kuliko yeye, chupa ya tindikali mfukoni, na kitabu cha rangi kama kile cha kuchagulia rangi ya nyumba. Alikuwa anapita shamba kwa shamba, anatoboa, anaupa kila udongo jina lake na kuuandika kwenye ramani. Kwenye kahawa ya baada ya ibada Thorvald alimwambia, kwa sauti iliyofika hadi meza ya akina mama, kwamba kwake atahitaji kekee nyingine ndefu zaidi. Hulda akauliza kutoka kule mezani kwao: na ikikutwa fupi? Ulimi hauna mfupa. Thorvald alisimama mbele ya mchungaji na keki zote, akasema weusi ukikutwa chini ya shibiri moja, kilima kitalimwa kwa kuzungushwa, na Karna ndiye atakayeshika usukani.

Jumatatu asubuhi Lyle alisimamisha kekee kileleni, akaizungusha, akaivuta. Akaulaza udongo juu ya gunia. Weusi ulikuwa wa vidole viwili, nao hata haukuwa mweusi vizuri. Chini yake ni manjano, na manjano, na manjano. Lyle akadondosha tindikali pale juu kabisa, na udongo ukatoa povu kama maziwa yanayotaka kumwagika.

Thorvald akauliza anachemsha nini. Lyle akaeleza kwamba ni chokaa. Kwenye kilima ambacho hakijamomonyoka, mvua za miaka mingi huishusha chokaa chini kabisa, na huku juu tindikali hukaa kimya. Povu likitoka juu, maana yake sehemu ya juu imekwisha kuondoka, na udongo uliobaki ni wa ndani, hauna nguo.

Wakajaribu mahali pengine. Thorvald mwenyewe ndiye aliyechagua, akipiga ardhi kwa kisigino kama mtu anayenunua tikiti. Povu. Wakajaribu pa tatu. Povu. Lyle akatoa kalamu.

"Andika Monona," Thorvald akasema. Alikuwa amesikia kanisani kwamba Monona ndilo jina la udongo wa watu wenye heshima.

"Monona una weusi wa kutosha, mzee. Huu ni Ida. Mteremko D, mmomonyoko namba tatu."

"Namba tatu kati ya ngapi?"

"Kati ya tatu."

Karna alikuwa amesimama pembeni. Thorvald alikitazama kile kipande cha manjano kwenye gunia muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, na ule mweusi wa baba uko wapi. Lyle aligeuza uso tu, akatazama mstari mmoja wa mabua uliokuwa unashuka, umenyooka kabisa, mpaka kwenye ua wa Hulda.

Wakashuka. Hulda alitoka na birika la kahawa, maana jambo kama hilo hakubali limpite. Kekee ikaingia hapo kwenye ua, ikatoa weusi. Ikaingia tena, weusi. Mara ya tatu ikagonga chuma. Karna akaleta sepetu, wakachimba kina cha goti, na ukatokea waya wenye miiba, wenye kutu, umefungwa kwenye nguzo kwa fundo la kuzungusha mara mbili. Fundo hilo lilikuwa la Thorvald. Alilifunga mwenyewe mwaka wa kumi na tisa, kwenye waya wa juu kabisa, waya uliokuwa unamfika kifuani. Siku zote aliamini Aksel alijenga ua mpya juu kwa sababu nguzo zilioza.

Alichuchumaa, akalishika. Aliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo haina pa kujificha. Urithi wote wa baba yake alikuwa ameukabidhi ng'ambo ya ua kwa mikono yake, kwa mistari iliyonyooka, huku watu wakipita kwenye magari na kumsifu.

Lyle aliandika jina la pili, Napier, weusi uliolundikwa na maji chini ya mteremko. Hulda alimmiminia kahawa shemeji yake, kisha uvumilivu ukamshinda.

"Na mimi nimewatukuza bata miaka yote hii," akasema. "Kweli, mkulima mmoja, walaji wengi."

"Shemeji, huo ni udongo wangu."

"Toroli lipo pale bandani. Ukimaliza ulirudishe."

Siku tatu Thorvald alitafuta mlango wa nyuma. Alimwambia Karna kwamba hakusema shibiri ya nani, na shibiri ya mtoto mchanga ni ndogo. Karna akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuhamishia bondeni vitabu vyake vya mbegu, kwa lile lile toroli, mchana kweupe. Safari ya pili alimkuta baba yake kileleni, amepanda juu ya ndoo, anafungua aproni kwenye nguzo. Aliikunja vizuri mara nne, akaitia kifuani ndani ya koti.

"Vitabu virudishe," akamwambia. "Mwaka ujao utalima unavyotaka."

"Nitavirudisha mvua kubwa ya kwanza ikipita," Karna akasema. "Nataka kuona maji."

Machipuko yalipofika Karna akashika usukani, na Thorvald akatangulia kwa miguu akichomeka vijiti alikoelekezwa na Lyle. Kila baada ya hatua kumi shingo ilimvuta kutaka kunyooka. Mahindi yalipoota, Jumapili zikaja na magari yake, na safari hii hayakupita kimya, yalipita yanacheka. Mmoja alisimama kabisa, akashusha kioo, akamuuliza kama anaumwa.

"Nilikuwa naumwa," Thorvald akasema. "Miaka thelathini na minane."

Mvua ilikuja tarehe za mwanzo za mwezi wa sita, mchana, nzito, ya kumwaga ndoo. Ilipokatika, Thorvald alishuka na buti zake hadi kwenye ua. Mitaro ya barabarani ilikuwa imejaa maji mazito ya rangi ya kakao, kutoka mashamba ya waliocheka. Kwenye kilima chake maji yalikuwa yamekaa kati ya mistari, yametulia, yanazama taratibu. Kilichopenya ua wa Hulda kilikuwa kijito cha upana wa mkono, cha maji safi hata aliona nyasi chini yake.

Karna akaja nyuma yake. Thorvald alikuwa amemuuliza Lyle ule mweusi utarudi lini, na Lyle alikuwa amemwambia ukweli, kwamba hakuna aliye hai atakayeuona.

"Mimi nilipewa dhiraa," akamwambia binti yake. "Wewe nakupa vidole viwili. Nisamehe."

Karna aliinama, akachomeka vidole vyake viwili kwenye tope kati ya mahindi, akavitoa, akavitazama. Vilikuwa vimeingia vyote.

"Bado vipo," akasema. "Sogea basi, baba, unaukanyaga."

Thorvald akasogea, na wakavuka ua wote wawili kwenda kulitafuta toroli bandani kwa Hulda, wapandishe vitabu.