Ufizi wa Kochuthresia

Huku kwetu Thrissur, kusini mwa India, mtoto hufundishwa kusugua meno kwa mkaa wa pumba za mpunga kabla hajajua kusali, na akizeeka husugua hata meno ya bandia kwa mkaa huohuo. Kochuthresia ndiye aliyekuwa akituuzia. Aliusaga pamoja na majani ya mwarobaini, na meno ya bandia ya mtaa mzima yaling'aa.

Kwenye harusi ya mpwa wake aliuma ariyunda, lile donge gumu la mchele na sukari guru. Ka! Ufizi wa plastiki wa meno yake ya bandia ukakatika vipande viwili mdomoni.

"Ziba mdomo, wifi," Annamkutty akamnong'oneza. "Wateja wako wote wako hapa!"

"Ndiyo maana sizibi!" Akasimama kibogoyo hivyohivyo, akainua vile vipande. "Tazameni! Mkaa wangu umeukwaruza mpaka ukawa mwembamba kama ganda la yai. Na meno yenu yanafuata. Nendeni mkautupe mkaa huo!"

Nani mwingine angejivua nguo hivyo hadharani? Mimi nisingethubutu.

Akatengeneza dawa mpya, mwarobaini mtupu uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Mwaka mzima akaisugulia meno yake mapya, sisi tukimbembeleza auze, yeye akitufukuza. Siku alipofungua tena biashara, Annamkutty akamchokoza: "Sasa tutajuaje kama hii haikwaruzi, wifi?"

Kochuthresia akatia donge la ariyunda mdomoni, akauma. Ka! Annamkutty akanyoosha shingo kumchungulia mdomoni.

Akatafuna taratibu, akameza. "Haya, nani wa kwanza?"